Siku mathe aliingia kwenye maji ya maporomoko, na sikujua anaogelea

Wakuu, niaje. Hii kitu nimekaa nayo wiki mbili. Sitaongeza chumvi, ilitokea mbele ya watu kumi na wanne.

Mathe, mama yangu, ana miaka sitini na tatu. Anasuka nywele Kenyatta Market tangu nikiwa nursery. Kusimama siku nzima, miguu inafura, halafu mwaka huu presha ikapanda. Daktari akamwambia atembee. Akasema anatembea kutoka stage hadi salon, inatosha.

Mimi niko na group ya hiking. Nikamdanganya ni matembezi kidogo tu msituni. Ukweli ni kwamba ilikuwa karibu kilomita kumi, kufuata kijito chenye maporomoko matatu.

(Msinitusi. Ningemwambia ukweli hangekuja.)

Tulikutana town Jumamosi asubuhi. Mathe akaja na sketi juu ya tracksuit, raba za ndugu yangu, na mfuko wa nduma za kuchemsha. Brian, jamaa wa gym mwenye kifua kama mlango, akaniuliza polepole kama tumepanga mtu wa kumbeba.

Van ikapita Kitisuru, ikapanda hadi kwa mashamba ya majani chai, tukashukia mahali msitu unaanza.

Mimi ni mtu wa Nairobi. Mto ninaoujua ni ule mweusi unaopita chini ya daraja ukibeba chupa na makaratasi.

Huko maji yalikuwa safi mpaka unahesabu kokoto chini. Miti mikubwa imefunga juu, mwanga unaingia vipande vipande. Maporomoko ya kwanza yalikuwa madogo. Ya pili niliyasikia kifuani kabla sijayaona. Watu waliokuwa wanabishana mpira tangu town wakaacha ubishi, wakasogea kuangalia.

Mathe alikuwa mbele na guide, mzee mmoja anaitwa Njoroge. Alikuwa anakanyaga mawe ya mtoni bila kuangalia chini. Sisi tunateleza, yeye anatembea tu.

Ya tatu sasa.

Maji yanaanguka kutoka juu kama orofa nne, yanaingia kwenye shimo pana la kijani. Manyunyu baridi yanakupiga uso. Nilisimama hapo nikajiskia mdogo, na haikuwa vibaya.

Njoroge akasema, "Mnaoga hapa ukingoni peke yake. Hapo katikati ni kina kirefu na maji inazunguka."

Brian alikuwa ashapanda mwamba. Akaruka na nguo zote.

Alipotokea, uso haukuwa wake. Baridi ilikuwa imemkata pumzi. Akapiga maji na mikono, akazama, akatokea karibu zaidi na maporomoko. Njoroge akarusha kamba aliyokuwa amebeba, haikufika. Mimi siogelei. Nilikuwa nimeshika simu ya mtu na sijui hata nilitaka kumpigia nani.

Nikageuka kumtafuta mathe nimwambie asiangalie.

Raba zilikuwa kwa jiwe, na sketi juu yake. Yeye alikuwa ashaingia.

Wakuu, sijui niwaelezeeje. Hakupiga maji kelele. Kichwa kiko juu, mikono inafanya kazi chini chini, anazunguka na mkondo badala ya kushindana nao. Akamfikia Brian kwa nyuma, akamshika kola.

"Lala," akamwambia. "Angalia juu. Usinishike."

Sauti ni ile anaambia mteja atulize kichwa. Na lile jitu likalala.

Akamvuta hadi kamba ikafika. Tukawatoa. Brian alitapika maji, akakaa kwa mawe akilia bila kujificha. Mathe akamfunika na sweta yangu, akampa nduma.

Kwa van nikamuuliza, huku meno bado yanagongana utadhani ni mimi niliingia.

"Mum, ulijua kuogelea lini?"

"Kwetu Murang'a shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Mvua ikibeba daraja, ni mimi nilikuwa navusha hao wadogo wangu."

"Na hukuwahi kutuambia."

"Nairobi nilikuja kusuka. Ningeogelea wapi, kwa hiyo mito yenu?"

Akafunga macho, akalala. Niliangalia mikono yake mapajani njia yote. Vidole vimepinda kwa kusuka. Miaka yote nimeona hiyo mikono, nikidhani naijua kazi yake yote.

Nimejifunza vitu viwili. Guide akisema ukingoni, kaa ukingoni. Na mzazi wako alikuwa mtu mzima kamili kabla hujazaliwa, na pengine hakuna mtu amewahi kumuuliza.

Nyinyi je, mzazi wako anajua kufanya nini ambacho uligundua ukiwa mkubwa? Andika hapa chini. Kama hujui, funga uzi, mpigie kwanza.