Siku Niliyompeleka Kilua kwa Wakwe

Nilipokuwa mdogo, huko Unguja, mtaa wa Kikwajuni, alikuwepo jirani yetu akiitwa Bi Mwanaidi, macho yake yamekwisha kuingia ukungu, na siku moja nimesimama mlangoni kwake namtazama kuku wake anavyoatamia, akanishika mkono akidhani mie ni mjukuu wake, akaniingiza uani, akanikosha kichwa mpaka miguu kwa dodoki, akanipaka mafuta ya nazi, akanivika kanzu ya huyo mjukuu ambayo ilinibana makwapa, na mie kimya, akanipakia kwenye gari na watu wake tukaenda Bububu kwenye hitima ya marehemu nisiyemjua. Nikala pilau, nikaitikia amin. Niliporudishwa jioni, mama yangu (Mungu amrehemu, alikwisha kunitafuta mpaka visimani) akaniuliza, "Mtoto weye, hukuwa na mdomo?" Mdomo nilikuwa nao. Ila mbele ya mtu mzima aliyekwisha kuamini jambo lake, ulimi wangu hulala. Nimezeeka nao hivyo hivyo. Skuli nilisoma kidogo sana, Kurani nimeihitimu alhamdulillahi, lakini kule kusimama mbele ya watu ukasema "hapana bwana, si hivyo," hilo sikufundishwa, au nilifundishwa sikushika.

Sasa yangu ya Bidiya, huku Omani tulikohamia. Nayaeleza mwenyewe kwa sababu yanaelezwa tayari na wengine, na wanaongeza chumvi, na mimi aibu ninayo ya kutosha bila ya kuongezewa.

Kilua ni mbuzi. Jike, mweupe, sikio moja jeusi. Mama yake alikufa akimzaa, na marehemu mke wangu, Bi Salma, akamchukua akamlea jikoni kwetu hapa Mudhaibi, akimnywesha maziwa kwa chupa ya mtoto mchanga, akamwita Kilua kwa kuwa alikuwa na hamu ya kunusa kilua, lile ua la kwao Unguja, na huku kilua hakioti (tulijaribu, kikaungua). Bi Salma alipoondoka, yule mbuzi akahamia kwangu. Nikenda msikitini ananisindikiza mpaka kizingitini, nikirudi namkuta palepale. Nami nilikuwa nikizungumza naye, sifichi, maana wajukuu zangu Kiswahili chao cha kuokoteza, "babu, mbuzi yako iko nje," basi mtu nikitaka kukisema Kiswahili kikanyooka, nakwenda kukaa bandani na Kilua. Hajibu, lakini anasikiliza, na wako watu wanaojibu na hawasikilizi.

Mjukuu wangu Rahma akaposwa na kijana wa Bidiya, jina lake Majid, Waarabu khasa, watu wa bustani za mitende tangu mababu zao. Sisi, hata tukae huku miaka mingapi na ukoo wetu ujulikane, bado tunaitwa Wazinjibari, na mtu akitaka kukuchoma kidogo anakwambia "nyinyi mila mmezisahau huko mlikokuwa." Basi tukaalikwa Bidiya siku ya Ijumaa, wazee waonane, tule pamoja chakula cha usiku, na Rahma akatafuta kwenye simu nyumba ya mapumziko ya kukodi ili tupumzike hukohuko mpaka Jumamosi. Akaja mbio. "Babu, iko nyumba inakubali wanyama! Wameandika, karibuni na wanyama wenu!"

Mwanangu Nasra, mama yake Rahma, akasema, "Hao wanakusudia paka, Rahma."

"Hawakuandika paka."

"Baba, unakwenda kuonana na wakwe, na mbuzi?"

Nikamwambia Kilua akibaki peke yake hali, na hiyo ni kweli, nililazwa spitali mara moja nikarudi nikamkuta mbavu nje. Nasra akakubali kwa sababu mama'ke ndiye aliyemlea Kilua. Hapo ndipo lilipoanza, pale alipoingizwa nyuma ya gari la mkwe wangu Khalfan, mume wa Nasra, kwa mkeka wake na majani yake.

Nyumba yenyewe nzuri, ya mawe, ndogo, nyuma yake mitende na falaji, mfereji wa maji, ikipita. Mwenyewe ni kijana akiitwa Said, alisomeshwa Uingereza, si Uingereza khasa, akaniambia, ni Welsi, nchi ya pembeni huko, milima na mvua na kondoo, na kule alikodi kijumba kijijini akaona watu wanakuja mapumziko na mbwa wao na paka wao wanalala nao ndani, ikampendeza, akajenga ya namna ile Bidiya (mbwa hakuthubutu, aliniambia, baba yake angelimfukuza). Ukutani katundika picha ya kile kijumba, kijani mpaka unaona baridi. Alipomwona Kilua akacheka kidogo, lakini kijana ana adabu, akasema, "Mzee, tumesema wanyama, na huyu ni mnyama," akamwekea bakuli la maji na kigodoro cha duara cha paka. Kilua akakinusa, akala kipande cha ukingo wake.

Hatujamaliza kunywa maji wakaja wanaume wa upande wa Majid kutukaribisha, mbele yao babu yake, Mzee Hamed, mtu mrefu, ndevu nyeupe, bakora mkononi. Tukapeana mikono, tukagusana pua, khabari, ilumu (ndiyo kuulizana mapya), khabari za mvua, mambo yote kama inavyotakiwa. Halafu akamwona Kilua kafungwa chini ya mtende. Akamwendea, akampapasa mgongo, akambonyeza kiunoni kama wanavyopima watu wanaojua nyama, na Kilua kanona kweli, hakupata kuzaa na chakula chake ni changu. Mzee Hamed akawageukia vijana wake akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu anayetoa hotuba:

"Mnaona? Siku hizi mtu akienda kwa wakwe anachukua keki ya dukani. Huyu kaja na dhabihu yake mkononi, kamlisha mwenyewe. Nani aliyesema Wazinjibari hawajui mila?"

Na mila ni hiyo kweli, huku mtu akifika kwenye shughuli na mbuzi kamshika kamba hakuna anayemuuliza kamleta wa nini. Mimi nilijua hivyo. Nimeishi huku. Nilijua na nikasahau, kwa sababu kwangu Kilua si mbuzi, ni Kilua.

Kiarabu chake nilikielewa neno kwa neno, siwezi kusingizia lugha. Ningeweza kusema palepale, tukacheka, yakaisha. Lakini nyinyi hamkuwaona wale vijana walivyonitazama. Hajapata mtu kunitazama vile katika nchi hii, kama mtu wa nasaba, mtu anayejua. Ikanipendeza. Nikaweka mkono kifuani nikainama kidogo. Sikusema kitu, nikainama tu, na yule mzee akanikumbatia.

Walipoondoka Khalfan akanijia, kijasho kinamtoka.

"Baba, umewapa Kilua?"

"Mimi nimesema nini? Sikusema kitu."

"Ndivyo hivyo, hukusema kitu!"

Haikupita muda mama yake Majid akatuletea sahani ya halwa, na salamu kwamba wanawake wote wanatushukuru kwa mbuzi. Rahma akatoka chumbani macho mekundu. "Babu, Kilua?" Nikamwambia nyamaza, babu yako analitengeneza. Nasra hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma, alikaa akamtazama Kilua kwa dirisha akasema taratibu, "Mama angelijua la kusema."

Tukapanga. Baada ya sala ya Ijumaa Khalfan akampigia rafiki yake mwenye zizi, akenda akarudi na beberu mkubwa mweusi, na shauri letu lilikuwa hivi: tukifika kwa wakwe Khalfan amshushe beberu, mimi niseme dhabihu yetu ndiyo hii, yule mwengine ni wa nyumbani. Neno moja tu. Nikalisoma moyoni njia nzima kama mtoto anayesoma sura. Na Kilua tulimchukua ndani ya gari lilelile, kwa sababu nilikwisha kuogopa kumwacha pale mtendeni akafuatwa nikiwa sipo. Mnaona akili zangu? Nimempeleka mwenyewe.

Mzee Hamed alikuwa amesimama langoni na jamaa zake, wageni wengi, wengine wametoka Ibra na wengine Sur. Khalfan akafungua mlango wa nyuma, beberu akaruka chini, na Kilua nyuma yake.

"Wawili!" akasema Mzee Hamed. "Watu wangu, kaleta wawili!"

Ikawa "mashaallah" na "tabarakallah" kutoka pande zote, mtu ananishika bega, mwengine ananibusu kipaji, na mmoja wa ami zake Majid akampiga Majid mgongoni akasema, "Ukimwonea mjukuu wa mtu huyu, mimi sina kazi na weye." Nikamtazama Khalfan, aseme yeye. Khalfan akatazama viatu vyake. Kumbe maradhi yangu yanaambukiza.

Wakanikalisha barazani, mahali pa juu kabisa, kwenye mto mkubwa, na tende za kwanza nikapewa mimi. Kila tende nikasema nikiimeza hii nitasema. Nikameza. Nikanywa kahawa nikatikisa kikombe, ndiyo kusema nimetosheka, nikakirudisha. Kupitia uwazi wa mlango nilikuwa naona uani, naona masufuria yamekwisha kutengwa, naona vijana wanamwangusha beberu, na akapambana yule, miguu huku na huku, watu wanne wakamshika. Ikasomwa bismillahi. Nikajiambia watatosheka, huyu mkubwa. Nikamwona kijana mmoja anafungua kamba ya Kilua.

Sasa sikilizeni jambo hili. Kilua hakupambana. Mimi ndiye ninayemkata kwato, na nikitaka kumkata namlaza ubavu na kumkuna shingoni, basi amezoea, mtu akimlaza anadhani anakatwa kwato. Alipolazwa kuelekea kibla akatulia kimya, akainua shingo yake akaitoa mwenyewe akunwe.

Sikumbuki nilivyoinuka. Wanasema nilipiga teke sinia ya kahawa, na sinia nimeiona baadaye, ni kweli. Nilitoka barazani peku, kilemba kimeniangukia shingoni, napiga kelele kwa Kiswahili, Kiarabu chote kimenikimbia, "Mwacheni! Huyo si nyama! Huyo si nyama, jamani, huyo ni wa Salma!" Nikamwangukia juu yake. Mzee mzima, babu wa biharusi, nimelala vumbini nimemkumbatia mbuzi, nalia kwa sauti, na sikulia namna ile siku niliyomzika mwenyewe Salma, watu wanajua, siku ile nilisimama nikapokea mikono.

Kijana wa kisu kakiinua juu, hajui akipeleke wapi. Nyuma mmoja akacheka, akanyamazishwa. Madirishani wanawake wamejaa, na Rahma yumo humo, nguo zake za shughuli, anaona.

Mzee Hamed akauliza, "Anasema nini?"

Majid akamjibu, yule kijana alikwisha kujifunza Kiswahili kidogo kwa ajili ya Rahma, akasema polepole, "Anasema mbuzi huyu ni wa marehemu mke wake. Hakumleta kuchinjwa."

Mzee Hamed akasogea. Nilidhani atanipiga bakora, na ningelimpa haki yake. Akainama kwa taabu, magoti yake mabovu kama yangu, akaniokotea kilemba changu, akakikung'uta vumbi.

"Akhi, ndugu yangu Nassor," akaniambia, "ungelisema."

Basi. Bora angelinitukana. Kwa sababu nilimwona usoni, yule mtu alikuwa amesimama mbele ya jamaa zake wote akanipamba, na sasa wanamtazama yeye kuliko wanavyonitazama mimi, yeye aliyempamba mtu aliyetoa kitu na kukinyakua mbele ya kisu, na sisi Waislamu tunajua mwenye kurudia alichokitoa amefananishwa na mbwa, sina haja ya kumaliza.

Posa haikuvunjika, nawaambia mapema msiwe na wasiwasi, wao ni watu wakubwa kuliko mimi. Beberu aliliwa, wakasema alikuwa mtamu. Rahma kaolewa na Majid, yupo hukohuko Bidiya, keshapata mtoto, na kila akija kunitazama ananiambia, "Babu, Mzee Hamed anakuuliza, njoo basi, hakuna anayekumbuka." Namwambia Inshaallah. Siku ya harusi nilisema nina homa. Na tangu siku ile nimejiwekea neno, mtu akinisifu kwa jambo ambalo silo nalikatiza palepale, hata mdomoni mwake, hata akiwa nani, na wengine wananiona sina adabu. Nawaacha wanione hivyo.

Lakini pale uani sikuwa na neno hilo wala jengine. Nilichukua kilemba changu mkononi mwa Mzee Hamed, sikukivaa. Nikainuka, Kilua akainuka, akajikung'uta, nikamshika kamba yake tukapita katikati ya watu, wakatupa njia. Nasra akaniita, "Baba! Viatu vyako!" Sikugeuka. Tukatoka langoni tukashika njia ya lami ya kwenda Mudhaibi, mimi peku na yeye na kwato zake, na Khalfan anatufuata nyuma na gari taratibu, anapiga honi kidogokidogo, anaogopa kunipita. Bidiya sijaikanyaga tena.