Mashuka ya Kanali

Siku hizi nafua mashuka kila asubuhi. Mume wangu ni mgonjwa wa moyo, miguu yake imevimba, na akilala hawezi tena kujizuia. Daktari alinivuta pembeni kwenye korido ya hospitali akaniambia nimrudishe nyumbani, nimpe anachopenda kula, nisimsumbue na mengine. Nilimwelewa vizuri sana, na nilimkasirikia njia nzima mpaka nyumbani Kasha, mtaani kwetu Bukavu, kana kwamba ugonjwa ameuleta yeye. Watoto wetu wanaishi mbali na wanapiga simu kuniuliza kama nimejiandaa. Sijajiandaa, wala sina mpango huo. Mwanaume huyu nimemngojea karibu nusu ya maisha yangu, na sasa ambapo hatimaye amekaa nyumbani, sioni kwa nini niharakishwe.

Mashuka nilizoea kuyaanika nje, juu ya nyasi za mbele ya nyumba, kama mama yangu alivyonifundisha kule Walungu. Jua likiyapiga yakiwa juu ya majani mabichi, yanakuwa meupe kuliko sabuni yoyote inavyoweza. Lakini wiki iliyopita jirani yangu, mama mmoja muuza makaa, mwema ila mwoga kupita kiasi, alikuja akasimama mlangoni bila kukaribia.

"Maman, samahani," akasema, akinyooshea kidole mashuka yangu. "Ile madra, uitoe inje. Bile bidrone binapitaka juu ya ziwa, binaonaka byote. Bitazania ni alama."

"Alama ya nini?"

"Mi sijui. Ya kintu yoyote. Uitoe tu, maman, tuko na batoto."

Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni, tena kali. Nililimeza, kwa sababu na mimi huwa nausikia ule mvumo wa droni juu ya ziwa na kukimbilia ndani. Tena alikuwa amesema kweli bila kujua. Mashuka meupe juu ya nyasi yaliwahi kuwa alama, na alama hiyo ilitoka kwenye kabati langu. Nikayakusanya yakiwa bado yanachuruzika maji.

Mume wangu alikuwa rubani wa jeshi. Watu wakisikia hivyo huwaza ndege za kasi na makombora; yeye hakuwahi kukalia kiti cha ndege kama hiyo. Aliporudi kutoka mafunzoni ng'ambo, wenzake waliopewa zile ndege za kasi walimcheka, maana yeye alipewa kandege ka propela moja na kazi isiyokuwa na jina zuri. Kazi yenyewe ilikuwa kufika mahali ambapo hakuna uwanja. Vita vilikuwa msituni, upande wa Mwenga na Shabunda, ambako barabara zilikuwa zimekufa na askari aliyejeruhiwa alioza akingoja msaada. Yeye alitua barabarani, alitua kwenye viwanja vya mpira vya shule, na mara moja alitua katikati ya shamba la chai akarudi na majani kwenye magurudumu. Alipeleka askari wachache wachache, chumvi na dawa, akarudi na majeruhi. Aliruka chini sana akifuata mto, ili adui ausikie mvumo wakati yeye amekwisha kupita. Wale wa ndege za kasi walibaki katika mji mkuu wakingoja vipuri. Yeye alipandishwa cheo, akapewa kikosi kizima cha vindege hivyo, akawa kanali. Nilijivuna waziwazi, hata kanisani.

Vijana walioletwa kwake hawakugusa usukani kwanza. Aliwavua viatu akawatembeza juu ya kila njia ya kutulia ndege, wasikie kwa nyayo wapi pagumu na wapi panateleza. Baadhi yao walikuja kunilalamikia jikoni kwangu, wakichomoa miiba. Niliwapa maharage na sindano, kisha nikawaambia waendelee kutembea.

Mara moja alifunga kipaza sauti chini ya bawa, awaite waasi warudi makwao. Akaandika hotuba ya kijeshi kwa Kifaransa, akanisomea mezani akiwa amesimama wima.

"Mon colonel," nikamwambia, kwa maana nikimtania au nikimkasirikia namwita hivyo, "kwa ile hotuba hata miye siwezi rudi. Uwaambie maharage iko ku moto."

Alinuna. Sijui alisema nini huko juu, lakini waliotoka msituni walitoka wakiuliza chakula kiko wapi.

Sasa niseme habari ya mashuka. Kutua mahali pasipo na mnara wala redio kunahitaji mtu wa chini akuambie kama pako salama. Yeye alibuni alama ambayo kijiji chochote kingeweza kuifanya: mashuka mawili meupe mwanzoni mwa njia, moja limelazwa kwa urefu na jingine kwa upana, yakikutana kama pembe ya meza. Ukiyaona, utue. Usipoyaona, kuna matope au kuna adui. Urudi ulikotoka, hata uwe umebeba nini. Luteni mmoja aliwahi kutua bila alama, na ingawa hakuna kilichoharibika, Kanali alimnyima kuruka mpaka kijana wa watu akakonda.

Kasoro ya mpango huo ilikuwa moja tu. Huko msituni vita vilikuwa vimebeba kila kitu, na mashuka meupe hayakuwepo. Kanali akaanza kuyatoa nyumbani kwake. Alianza na yale ya kawaida, nikavumilia. Kisha siku moja nikafungua kabati nikakuta jozi ya harusi yangu haipo. Mama yangu alikuwa ameyadarizi mashuka yale mawili kwa masista wa misheni, jioni baada ya shamba, maua ya buluu kila pembe. Kwetu binti hatoki kwao bila mashuka yake. Watu wa ukweni wanayatazama kabla ya kukutazama wewe. Nilimuuliza Kanali yako wapi. Akaniambia yako Shabunda, kwenye kijiji kimoja kando ya mto, na kwamba atayarudisha. Nilimnunia mpaka akaanza kula kambini.

Kilichotokea kwenye kijiji hicho nilisimuliwa na wawili, yeye mwenyewe na yule luteni aliyekonda, ambaye siku hiyo alikaa kiti cha pembeni. Habari ilikuja kwa fonie, ile redio ya mawasiliano ya parokia ya jirani: kuna mwanamke ana uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni, mama anaishiwa nguvu. Kanali akasema atakwenda mwenyewe. Parokia ikatuma mtu kuwajulisha wanakijiji kwamba safari hii anakuja mkubwa wao wote, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wanawake wa kijiji wakayatoa mashuka yangu mahali yalipotunzwa. Yalikuwa mekundu kwa tope la safari zilizopita. Wakayaangalia yale maua ya buluu, wakaangaliana, na wakaona aibu. Mgeni wa heshima hatandikiwi uchafu. Wakayapeleka mtoni, wakayafua kwa moyo wote, wakayatandaza juu ya nyasi za ukingoni yakauke, wakijua ndege huja mchana. Kanali alifika asubuhi.

Akapita juu ya njia ya kutulia. Hapakuwa na alama.

"Mon colonel, alama haiko," luteni akasema. "Ni lazima tugeuke." Nadhani alilisema kwa raha kidogo, na simlaumu.

Kanali akashusha ndege zaidi. Akapita mara nyingine, akainamisha bawa, akaona vipande viwili vyeupe karibu na mto, vimevutwa vikanyooka, na mawe kwenye pembe ili upepo usivibebe. Akavitazama sana.

"Ile ni madra inakauka," akasema. "Pale hakuna adui. Pale kuna batu banafua."

"Mon colonel amejuaje?"

"Nimeoa," akajibu.

Na ni kweli. Mara ngapi nilimpigia kelele kwa kukatiza juu ya nyasi zangu na mabuti yake! Lakini hata baada ya kujua, hakutua. Sheria ilikuwa yake, na luteni alikuwa anamtazama. Alizunguka. Alizunguka juu ya kijiji huku sindano ya mafuta ikirudi nyuma, mpaka wanawake wakaelewa kwamba mgeni wao anangoja kutandikiwa. Wakayanyakua mashuka yakiwa mabichi, wakakimbia nayo, mmoja akiwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, wakayalaza mwanzoni mwa njia yakichuruzika. Ndipo alipotua. Machela haikuwepo, kwa hiyo walimbeba yule mwanamke juu ya shuka mojawapo, watu wanne pembe nne, maji yakiwadondokea miguuni. Alifika hospitali ya Bukavu akiwa hai. Alijifungua msichana, na wote wawili walipona.

Jioni Kanali aliingia nyumbani na furushi kwapani.

"Nilikuambia nitarudisha," akasema. "Nimerudisha moja."

Lilikuwa limejaa damu. Nilililoweka, nikalisugua, nikalichemsha, likabaki na doa pana la rangi ya chai. Wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kututembelea, na mimi nililificha chini ya beseni ili asione kazi ya mikono yake ilivyofanywa. Akalikuta. Akalifungua mapajani, akapitisha kidole gumba juu ya maua yake.

"Nani alilala apa?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Alizala?"

"Alizala, maman."

"Basi madra yangu iko muzima," akasema, akalikunja.

Moyo wangu wote ulitaka kulirudisha kabatini na kulifungia humo. Lakini kijiji kile kilikuwa kimebaki na shuka moja, na kwa shuka moja hakuna rubani wa mume wangu ambaye angethubutu kutua. Nilipanda gari mpaka uwanja wa ndege wa Kavumu, nikamkuta Kanali mbele ya askari wake, nikamwekea lile shuka mikononi.

"Uwarudishie," nikamwambia. "Na usizanie hasira imeisha."

Alinipigia saluti pale pale, mbele ya kikosi kizima, kisigino kwa kisigino. Niliona haya mpaka masikioni, na nilifurahi kuliko siku ya harusi. Mashuka yale hayakurudi tena. Mama yangu alipofariki tulimlaza juu ya shuka la dukani, na hilo bado linaniuma, sitasema limekwisha.

Baadaye vindege vile vilizeeka, na Kanali naye akastaafu. Akawa mtu wa kukaa nje kwenye kiti, akitazama mawingu juu ya ziwa na kuniambia upepo unatoka wapi, jambo ambalo sikuwa nimemuuliza. Niliyapenda maisha hayo. Nilipika, nikamgombeza, naye akajifanya hasikii, mpaka moyo ulipoanza kumchosha.

Siku ile jirani aliponiambia niondoe mashuka nje, nilimwambia Kanali kwa nini nayaingiza sebuleni, ambamo tumemwekea kitanda chake. Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Ile kintu haina mutu ndani," akasema baadaye. "Iko na macho tu. Haiyaoa."

Eti droni haijaoa! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye pia alitaka kucheka, lakini pumzi haikumtosha.

Tangu hapo naanika ndani. Leo asubuhi nilitandaza shuka moja juu ya mgongo wa kiti kirefu na jingine juu ya meza, pale palipokuwa na nafasi, bila kuwaza lolote. Nilipogeuka na ndoo yangu nilimkuta amefumbua macho. Alikuwa anatazama miguuni kwake, na mkono wake wa kulia umeinuka kidogo juu ya blanketi, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu. Nikafuata macho yake. Shuka moja lilikuwa limelala kwa urefu, jingine kwa upana, na yalikutana kwenye pembe ya meza.

"Naona alama," akasema. Sauti yake ilikuwa safi, sauti ya kazini. "Njia iko muzuri. Ninatua."

Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata miaka ile ya kukaa dirishani nikisikiliza mvumo ambao haukuja. Niliweka ndoo chini.

"Bado, mon colonel," nikamwambia. "Madra ingali mbichi. Uzunguke kwanza."

Alikunja uso, akawaza.

"Mafuta iko kidogo, maman."

"Najua. Uzunguke tu."

Mkono wake ukainama polepole upande wa kushoto, kisha ukatulia hapo, naye akaendelea kupumua, akitazama dari. Nilikaa karibu naye mpaka jua likaingia sebuleni. Mchana niliyagusa yale mashuka, nikakuta yameanza kukauka. Niliyachukua yote mawili nikayarudisha ndani ya maji.