Kurasa za Kima wa Angani

Kiyoyozi kizee kikizima ghafla, mimi hunyamaza. Hata nikiwa katikati ya sentensi. Wenzangu hudhani nimeudhika, kumbe nimerudi nilipokuwa na miaka tisa, Riyadh, katika chumba cha chini ya ngazi za jengo moja la mtaa wa Malaz. Humo nilizungumza kiyoyozi kikivuma tu. Kikizima, tulisikia nyayo za wapangaji zikishuka juu ya vichwa vyetu, nao wangeweza kutusikia sisi.

Baba alikuwa bawabu wa jengo hilo. Alikwenda Saudia wakati Wakenya walipokuwa wakiandikishwa kwa wingi, kisha mimi na mama tukamfuata kwa viza ya matembezi. Viza ikaisha, sisi tukabaki. Mtoto asiye na ikama, yaani kibali cha ukaazi, hakuwa na shule, na mimi sikuwa na mchana pia. Nilitoka baada ya magharibi tu, kumsaidia baba kutupa taka. Siku moja kafili wake, bosi aliyemdhamini nchini, alisimama mlangoni akauliza kama kuna mtoto humu. "Mafi, bosi, hakuna," baba akajibu, nami nimejibana nyuma ya gunia la mchele, nikinusa vumbi lake na kuomba nisipige chafya.

Baba aliokota kitabu kwenye taka za jengo. Kilikuwa cha Kiingereza, chenye picha, kikieleza historia ya maabara zilizobebwa tumboni mwa chombo cha angani chenye watu. Nilijifunza Kiingereza humo, peke yangu, kwa kamusi isiyo na jalada. Maabara ile ilikuwa chumba kama bomba kubwa, haina injini wala mabawa yake. Wanasayansi waliingia wakielea kupitia njia nyembamba, wakafanya kazi kwa zamu. Chombo kikitua, maabara ilishushwa, ikawekewa vifaa vipya, ikapelekwa tena. Nilikipenda chumba kile. Kilikuwa kimefungwa pande zote, na bado kilifika mahali.

Nilikinakili kitabu kwenye madaftari. Herufi moja ikipinda, nilichana ukurasa nikaanza upya. "Mama," ndivyo mama yangu alivyoniita mimi bintiye, "karatasi ulizochana zingefungia sambusa za mji mzima."

Nikiri jambo. Kurasa chache sikuzinakili. Zilieleza mambo yaliyoharibika: darubini iliyogoma kulenga jua sawasawa, na safari ya panya na kima ambapo makombo na vinyesi vilitoka vizimbani vikaelea hadi kwa marubani. Niliona vinachafua historia yangu. Nikazibana kurasa hizo kwa pini.

Kisha baba akasikia habari za Mwalimu Salma, mama wa Mombasa aliyekaa mtaa wa Nuzha, Jeddah, akifundisha nyumbani kwake watoto wasio na karatasi. Alikuwa na nafasi moja, na godoro la kulalia. Baba akamsihi Anko Otieno, dereva kutoka kwetu, anichukue siku atakapompelekea bosi wake gari huko.

"Tukisimamishwa na polisi, wewe umelala," Anko aliniambia. "Na ukorome vizuri, usituangushe."

Nilikoroma kwenye kila kizuizi mpaka akanikanya. "Punguza, wee! Watadhani nimebeba trekta."

Kwa Mwalimu, watoto sita walikuwa wamekaa kwenye zulia. "Karibu, mwanangu. Hebu tusimulie kitu unachokijua."

Nilisimulia safari ya kwanza ya maabara, neno kwa neno, mikono nyuma. Mwalimu akachukua kitabu, akaiona pini, akaichomoa. Akasoma kidogo, akacheka hadi akafuta macho kwa leso.

"Lo! Utamu wote umeuficha huku! Tusomee hapa."

"Kima walikunya angani?" mvulana mmoja akauliza. "Nani alipangusa?" Zulia zima likaangua kicheko.

"Hizo sijazikariri," nikasema.

"Basi soma polepole, tutasaidiana."

Sikuwahi kusoma mbele ya mtu kitu nisichokifanyia mazoezi. Neno la kwanza likanikwama. Nikaona macho yote yananingoja, nikafunga kitabu.

"Naomba nirudi Riyadh nikajifunze vizuri kwanza. Halafu nitakuja."

"Si kujifunza ndiko kulikokuleta?" Mwalimu akasema.

Anko Otieno, aliyekuwa anarudi na gari jingine la bosi, aliniuliza mara mbili mlangoni. "Unabaki ama unaenda? Hii nafasi haingoji mtu."

Nikavaa viatu.

Baba aliponifungulia mlango alitazama nyuma yangu, kana kwamba huenda binti yake halisi bado hajashuka garini. Chumbani, mama alikuwa tayari ameweka meza ya cherehani pale pangu pa kulala. Wakaiondoa, kila mmoja akishika upande wake. Kesho yake nikaanza daftari jipya.

Kabla sijalimaliza, nafasi ile ilikwisha kupewa mtoto mwingine. Nilikaa chini ya ngazi miaka miwili zaidi, mpaka wasio na karatasi waliporuhusiwa kurudi makwao, nasi tukaondoka.

Kwa muda mrefu nilimlaumu kafili, nikailaumu viza, na sidhani nilikosea. Lakini alasiri ile ya Jeddah mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyeulinda. Niliamini Mwalimu Salma ananipima aone kama nimekamilika. Nimechelewa sana kumwelewa. Alikuwa akitafuta neno nisilolijua, apate pa kuanzia.