Viatu vya Meneja na Siku ya Kujitolea

Nimeishi miaka mingi, namshukuru Mwenyezi Mungu, na bado ananionyesha mapya. Mwaka huu amenionyesha watu wanaolipwa kujitolea.

Habari ililetwa na binti yangu. Anafanya kazi katika kampuni inayonunua asali hapa Tabora, magari yake hufika mpaka Usinge. Jioni moja aliingia, akavua mtandio, akasema, "Mama, kampuni imetupa siku za kujitolea. Unakwenda kusaidia jamii, na mshahara unaingia kama kawaida. Wanasema wametufikiria hasa sisi wazazi."

Nilifurahi sana. Sisi enzi zetu tulijitolea kwa ujinga. Tulichimba visima, tukaezeka madarasa, tukapika misibani, tukarudi nyumbani na malengelenge mikononi, na hakuna aliyetuarifu kwamba yale yalikuwa marupurupu.

Zaidi nilifurahi kwa ajili ya mjukuu wangu, bintiye, anayesoma darasa la pili hapa Ntalikwa. Mvua zilizopita ziliangusha jiko la shule, na wazazi wamekuwa wakiitwa kwenye msaragambo kulijenga upya. Kila wanapoitwa mama yake yuko kazini, naenda mimi na ndoo yangu. Wenzake wakaanza kumwambia kwamba yeye hana mama, ana bibi tu. Ilipotangazwa kwamba Ijumaa ni siku ya kukandika kuta, alinijia, hakulia, akauliza tu, "Bibi, kwani mama hajui kukandika?"

"Anajua. Ijumaa utamwona."

Nilisema hivyo bila kutanguliza inshallah, na Mungu hakuchelewa kunikumbusha. Kesho yake binti yangu alirudi uso umemshuka. Meneja amekataa. Shule anayosoma mwanao haihesabiki kuwa jamii, hiyo ni faida yako binafsi. Tena kampuni imekwisha kuchagua mahali: Ijumaa hiyo hiyo wote waende Kwihara, wakapande miti kando ya njia ya zamani ya misafara. Ni kiangazi, ardhi imekauka kama kigae. Nikadhani labda miti ya kampuni hainyweshwi maji, inapigwa picha tu ikakua.

"Kwa hiyo mtoto wa jirani ni jamii," nikamuuliza. "Na wako ni nini?"

"Mama, sheria sikutunga mimi."

"Meneja ndiye katunga?"

"Hapana. Zimetoka makao makuu."

Makao makuu nayaheshimu. Kila jambo lisilo na akili hutoka huko, na mimi sijapata kumwona mtu anayeishi huko.

Alhamisi jioni meneja mwenyewe alimleta binti yangu kwa gari, pamoja na boksi la fulana za kuvaa kesho yake, maana mtu asiye na fulana huruma yake haionekani. Ni kijana mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni, akaketi mkekani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nyumbani wapi?"

"Dodoma, bibi. Mimi Mgogo."

Alhamdulillahi! Kwa asiyejua, Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Wazee wetu walipita Ugogo wakiwa na mizigo vichwani wakienda pwani, na wazee wao wakawatoza ushuru kwa kila kisima. Ugomvi ule ukazaa utani, na utani una haki zake. Mtani anaweza kukukejeli hata msibani, anaweza kukamata mali yako mpaka uikomboe, na wewe kukasirika ni mwiko. Nikamwachia chai yake, nikatoka kama ninayefuata sukari, nikavichukua viatu vyake na kuvifungia kabatini.

Alipoaga, alikuta mlango mtupu.

"Bibi, viatu vyangu viko wapi?"

"Vimekamatwa, Mgogo wee! Babu zako walitutoza kwa maji, mimi nakutoza kwa kupita mlangoni."

Akashika kiuno, akacheka. "Lo! Nimeingia kwa Wanyamwezi kichwakichwa. Haya, nikulipe kuku?"

"Kuku ninao. Namtaka binti yangu kesho, pale shuleni kwa mwanawe."

"Bibi, zile ni taratibu za makao makuu."

"Na viatu, ni vya makao makuu?"

"Vyangu."

"Basi tuongee mimi na wewe mwenye viatu."

Binti yangu alijifunika uso kwa mtandio. "Mama, huyu ni bosi wangu!"

"Bosi huko kazini. Hapa ni Mgogo pekupeku."

Nilimpa kandambili zangu za kutawadhia, moja ya kijani na moja ya buluu. Akaondoka akiziburuza, akiapa kwamba siku ya maziko yangu atanikalia juu ya jeneza. Nikamtakia safari njema. Ila niliposwali isha niliomba sana, maana utani ni utani, lakini kazi ya mtoto wa watu unaweza kuiponza kwa jozi moja ya viatu.

Ijumaa nilitangulia shuleni, viatu vimo kikapuni. Mjukuu wangu alisimama langoni, hataki kuingia. Wanawake walikwisha kuloweka udongo lilipokuja gari la kampuni. Akashuka meneja na kandambili zangu, nyuma yake binti yangu na fulana mpya.

"Bibi, nimefikiri," alisema meneja, watu wote wakisikia. "Mimi sina mtoto hapa. Kwa hiyo anayejitolea ni mimi. Huyu nimemchukua awe mwenyeji wangu, na makao makuu hawajakataza mwenyeji. Tena nyinyi Wanyamwezi mnajua kubeba mizigo tu. Udongo tuachieni sisi wenye nyumba za tembe!"

Vigelegele vilipigwa. Wakamtia kwenye udongo mpaka magotini, akakanyaga na kukejeliwa kwa haki yake yote. Binti yangu alikandika ukuta kwa mikono miwili, jina la kampuni likapotelea kwenye matope ya fulana. Kule Kwihara wenzao walipanda miti yao. Nasikia mbuzi wa pale wamefaidika sana na siku ya kujitolea.

Mjukuu wangu alimshika mwenzake mkono, akamvuta mpaka ukutani. "Yule ndiye mama yangu."

"Na yule mwanamume?"

"Huyo mtani wa bibi. Kanyang'anywa viatu."

Kisha akaja kwangu, akanipokonya ndoo. "Bibi, leo wewe kaa. Mama yupo."

Nikakaa. Bila malipo yoyote.