Nguzo Inayoita Watu Wanangu

Ta. Ulimi ukigonga kaakaa, mara moja tu. Mama alifanya hivyo kila tulipofika ukingoni mwa barabara, mimi nikiwa kushoto kwake, dada kulia. Kisha alisema, "Ngoja kidogo, mwanangu." Nasi tulingoja, hata kama barabara ilikuwa nyeupe, haina gari hata moja.

Mama ametutoka zamani. Dada alikua akasomea mipango miji, na jiji likamkabidhi mradi wa taa za kisasa: kamera zitazame magari, taa zijipange zenyewe kufuata foleni. Wakubwa walitaka zifungwe mji mzima kwa mpigo. Dada akaomba aanze na njia panda moja tu, ile ya sokoni, aone kwanza. Akachukua kigoda akaenda kukaa pale, kati ya mshona viatu na fundi simu, mpaka shemeji akawa anamuuliza jioni ameshona pea ngapi. Alichokiona ni kwamba kamera zilijua magari, lakini watu wa miguu hazikuwa na habari nao. Akarudi ofisini, akapangua mpango. Taa zimtazame na anayevuka, na nguzo ya taa iseme, kwa ajili ya wasioona.

Siku ya kujaribu spika, msomaji waliyemwagiza hakutokea. Fundi mkuu akamsogezea dada maikrofoni, aseme lolote. Likamtoka lililokuwa karibu: ta, ngoja kidogo, mwanangu. Na kwa taa ya kijani: haya, vuka taratibu. Wakaridhika na spika, wakasahau kuifuta sauti.

Mji ulicheka wee. Askari wa barabarani, mtu mwenye wajukuu, akaitwa mwanangu na nguzo mbele ya madereva aliotoka kuwakaripia. Mzee mmoja alipanda ngazi zote za ofisi ya jiji kushtaki kwamba nguzo inamsonya. Dada akamweleza kwa heshima kwamba ule si msonyo, ni ulimi tu. Mzee akajibu kwamba nguzo yenye adabu haina ulimi.

Ndipo koo la dada likaanza kukwaruza. Hospitali wakakuta uvimbe, wakautoa, na haukuwa saratani. Tulishukuru mpaka tukalia. Sauti ndiyo haikurudi. Akabakiwa na mnong'ono, na daktari alisema tusitegemee zaidi.

Alipokuwa amelazwa, ofisini wakaweka sauti mpya kwenye nguzo, safi, yenye heshima zake. Haukupita muda, wasioona wakaacha kuitumia njia panda ile. Madiwani wakaanza kusema nguzo za kusema ni gharama bure, wakaitisha kikao waamue: zienee mji mzima, au ziondolewe. Dada aliyezipigania tangu mwanzo akaingia kikaoni bila sauti ya kuzitetea. Nilikaa nyuma yake. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye gari linaloruka mashimo.

Alikuwa amemwalika mkandaji, mtu wa makamo asiyeona, anayekanda migongo ya wapagazi hapo sokoni. Mwenyekiti akamuuliza kulikoni, sauti mpya ina kasoro gani.

"Haina kasoro, mheshimiwa. Nzuri sana," akasema mkandaji. "Lakini pale sokoni kila spika ina sauti nzuri. Inayouza dawa ya panya na inayonivusha barabara, mimi nazitofautishaje? Ile ta ndiyo nilikuwa naifuata. Nikiisikia, najua huyu hana cha kuniuzia."

Diwani mmoja, ambaye ndiye aliyecheka sana zamani, akauliza kama sauti ile bado ipo. Fundi mkuu akainamisha kichwa. Akasema aliambiwa aifute, na mkono ukagoma, kwa kuwa alishasikia habari za hospitali.

Wakapitisha: nguzo zitasema kila njia panda, na zitasema kwa sauti ile ile ya dada. Diwani mwingine aliomba neno mwanangu liondolewe, kulinda hadhi ya viongozi. Wenzake wakamwambia, tulia mwanangu, na hoja yake ikafia hapo.

Sauti ilirudishwa juma lililofuata. Jioni hiyo nilimsindikiza dada mpaka sokoni. Taa ilikuwa nyekundu. Yule mzee wa msonyo alikuwa amesimama mbele yetu, kofia mkononi, ametulia kabisa.

Ta. "Ngoja kidogo, mwanangu."

Nilikuwa nimeisikia sauti ile mara nyingi, na siku zote nikiijua kuwa ni ya dada. Jioni ile nilijikuta nimehamia kushoto kwa nguzo bila kufikiri.

Barabara ilikuwa nyeupe kotekote, hakuna hata baiskeli. Dada hakuinua mguu. Alikuwa anatabasamu. Akausogeza uso karibu na nguzo, akanong'ona kwa kile alichobakiwa nacho:

"Nangoja, mama."