Meno Yenye Mwanya

Kila anayekuja kwangu anataka meno meupe. Mzee ngozi imekunjamana, mvi mpaka kwenye nyusi, anakaa kwenye kiti changu na kuniambia: "Nipe yale meupe kabisa, kama maziwa." Nimegombana na watu kwa jambo hili mpaka nimepata jina. Hapa Kayanga wananiita mama mkali wa meno, na wala sikatai. Ukimpa mzee meno ya kijana, akifungua mdomo watu wanayatazama meno, yeye hawamwoni.

Mimi si daktari, ingawa wananiita dokta kwa sababu ya koti. Daktari anang'oa, mimi natengeneza ya kuweka. Chumba changu kiko nyuma ya kliniki na kina dirisha moja kubwa, nalo ndilo lililonifanya nikubali chumba chenyewe, maana rangi ya jino haichaguliwi kwa taa. Inachaguliwa kwa mwanga wa mchana. Unalowanisha jino la mfano kwa maji, unaliweka karibu na mdomo wa mtu, unatazama, unaondoa, unaweka la pili. Kisha unatazama uso, kama ni wa duara, wa mraba au umechongoka kidevuni. Unatazama na upana wa pua, kwa sababu pua na meno ya mbele havipishani sana. Baada ya hapo ndipo unachagua seti, nazo huja zimebandikwa safu safu kwenye kadi yenye nta. Ukikosea hapo umekosea. Hata ukitengeneza vizuri namna gani, umetengeneza meno ya mtu mwingine.

Yule bibi alikuja kutoka Nyakakika mvua zikiwa zimeshika, kaletwa na binti yake aliyeolewa Kiruruma. Viatu vya wote wawili vilikuwa tope tupu. Nikamwamkia bibi, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," huku amejifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Hakuwa na jino hata moja. Yalilegea kwa ugonjwa wa fizi mwaka hadi mwaka, na yale ya mwisho daktari wetu alikuwa ameyang'oa kabla ya kiangazi.

Nikatoa kibao changu cha rangi, chenye meno ya mfano kuanzia meupe hadi yale ya manjano iliyokolea. Binti akanyoosha kidole mara moja, upande wa kwanza, kwenye meupe pee. Nilijua tu. Nikavuta pumzi nianze ugomvi wangu wa kila siku, lakini bibi akanitangulia.

"Hapana. Yangu hayakuwa hivyo. Yangu yalikuwa meno ya mtu anayetafuna akamwani."

Akamwani ni kahawa yetu ya kutafuna. Buni huchumwa, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa. Mgeni akiingia nyumbani huwekewa hizo kwanza, hata kabla hajaulizwa habari za alikotoka. Mtu aliyezitafuna tangu usichana, meno yake hugeuka rangi ya mahindi makavu.

"Tena yawe na mwanya," bibi akaendelea. "Hapa juu, katikati. Na hili la pembeni lilikuwa limempanda mwenzake kidogo."

"Mama!" Binti aliruka. "Watu watasema tumekutengenezea meno machafu, na bado yamepinda! Dada, usimsikilize."

Mwanya sikuushangaa. Kwetu mwanya ni uzuri, kuna wasichana walioolewa kwa ajili ya mwanya. Lakini jino lililopinda? Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii hakuna aliyewahi kuniomba. Nikamuuliza bibi kwa nini analitaka. Akamtazama binti yake, na binti akatazama chini.

Mumewe, akasema, alianza kusahau miaka kadhaa iliyopita. Alianza kwa kusahau alipoweka panga. Kisha akasahau njia ya kutoka shambani kwake mwenyewe, akakutwa amekaa chini ya mgomba anangoja apitiwe. Kisha akawasahau watoto.

"Lakini mimi alinijua," bibi akasema. "Alikuwa hajui leo ni Jumapili au Jumatatu, ila mimi alinijua. Basi nikang'olewa meno. Mashavu yakaingia ndani, unaona mwenyewe. Siku niliporudi nyumbani, akainuka kwa taabu yake yote, akanipa mkono. 'Karibu, mgeni.' Nikafikiri ni utani, maana alikuwa mtu wa utani. Nikacheka. Akaziona fizi, akazidi kunikaribisha."

Tangu hapo ilikuwa hivyo kila siku. Asubuhi mzee anamkaribisha, anamwekea akamwani kwenye kiganja, anamuuliza yeye ni wa ukoo gani na amekuja kumwona nani. Bibi hawezi kutafuna, anaziweka buni chini ya ulimi ili asimvunjie heshima. Kisha mzee anamuuliza kama, huko alikopita, hakukutana na mke wake. Ameondoka na hakuaga.

"Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," bibi akasema. "Mimi jembe ninalo tangu nimeolewa, na bado ni mgeni." Akacheka kidogo ndani ya khanga, halafu akaacha kucheka. "Hali yake si nzuri, mwanangu. Anakonda. Sitaki afe ananiita mgeni."

Niliumia. Tena nilikasirika, wala sijui nilimkasirikia nani. Nikaanza kupangapanga vifaa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Nikawauliza kama wana picha ya zamani. Binti akaitoa kwenye pochi, amejiandaa: bibi na mumewe siku walipofunga ndoa kanisani, wamesimama mbele ya pazia la studio, midomo imefungwa kama watu waliotoka kugombezwa. Zamani zile nani alicheka mbele ya kamera? Picha nzima haikuwa na jino hata moja. Nikamrudishia kwa hasira kidogo, utadhani kosa ni lake.

"Sasa dada, si umwekee tu haya meupe?" akasema. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Muda wote nilikuwa nasikiliza ubishi wake, mdomo wenyewe sikuuangalia.

"Hebu fungua mdomo."

"Mimi siumwi."

"Fungua, mdogo wangu."

Akafungua. Mwanya ulikuwepo, katikati. Na kushoto, jino la pembeni limempanda mwenzake kidogo. Bibi akainuka kwenye kiti, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa shavu la mwanawe. "Ndiyo hayo! Mungu wangu, hayo hapo! Na mimi nahangaika kuyaeleza!"

Binti akafumba mdomo, akageukia dirishani. Baadaye, wakati nalainisha nta, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba jino hilo amelichukia tangu shule ya msingi. Walimcheka nalo, na hata leo akipigwa picha anabana mdomo. Alifikiri ni ubaya wake peke yake. Alipozaliwa mama yake alikuwa mtu mzima, na akili yake ilipofika mahali pa kutazama meno ya watu, ya mama yalikuwa yameshaanza kulegea na kutawanyika. Nikampa nta ang'ate, nipate alama ya meno yake. Aling'ata huku machozi yanamtoka, na mimi nikamwambia asitikise taya.

Kuchagua kulinichukua muda kuliko ilivyo kawaida yangu. Hakuna seti inayouzwa ikiwa imepinda. Viwanda vinatengeneza meno yaliyosimama kama wanajeshi, ya watu wasiojulikana. Uso wa bibi ulikuwa wa duara na pua pana, kwa hiyo nikachukua meno mafupi, mapana. Rangi nikachagua upande wa mwisho wa kibao, pale ambapo mkono wangu hauendi mara nyingi. Nikayasaga ncha, maana jino la mtu wa umri ule limeshalika. Nikalisogeza la pembeni likampanda mwenzake. Mwanya ndio ulionisumbua, kila nikipasha nta inayoyashika, meno yanahama. Bibi alipokuja kujaribu mara ya kwanza, akiwa na binti yake vilevile, akapitisha ncha ya ulimi, akatikisa kichwa.

"Huu si mwanya, mwanangu. Hapa anapita kuku na vifaranga vyake."

Nilicheka, na siku zile sikuwa nacheka sana. Nikaurudia kwa kufuata alama ya meno ya binti, upana kwa upana. Alipojaribu tena nikampa kioo. Alikishika mbali, akakisogeza, akakishika mbali tena. Midomo ilikuwa imeinuka, mashavu yamerudi nje, na usoni akatokea mwanamke ambaye sikuwahi kumwona lakini ambaye, mtu angeapa, ni dada yake yule binti.

"Kumbe nilikuwa hivi," akasema.

Binti alitoka nje akasimama ukumbini. Nikabadilisha ile nta kuwa plastiki, nikayang'arisha meno, lakini si sana, na siku alipokuja kuyachukua nilimshikilia mkono hadi barabarani. Nilijisifu, sitaficha. Jioni ile nilikula vizuri.

Alirudi baada ya wiki chache, safari hii peke yake. Hilo si jambo la ajabu, meno mapya huchubua fizi, na kila mtu hurudi kupunguziwa mahali. Lakini alipoingia mashavu yalikuwa ndani tena. Meno alikuwa nayo kwenye kitambaa mkononi. Nikajua mzee amefariki.

"Hapana, yupo," akasema. "Alinijua."

Akanieleza. Alimkuta mumewe kwenye benchi, nje. Mzee akamtazama, akamwita kwa jina lake la usichana, jina ambalo hata watoto hawalijui, akaanza kulia. "Ulikuwa wapi?" akamuuliza. "Nimekukosea nini, ukaniacha?" Bibi akamwambia hakwenda popote. Mzee hakukubali. Walikaa benchini wameshikana mikono mchana kutwa.

Jioni bibi akaleta chakula, ndizi zilizopondwa na mchuzi wa maharage. Mzee akatazama sahani, akamtazama yeye, akatazama mlangoni.

"Yule bibi yuko wapi? Yule mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Bibi asiye na meno. Ndiye anayenilisha." Akakunja uso. "Umemfukuza?"

Hakula. Na kesho yake hakula. Aliposogezewa kijiko alikisukuma, akasema atamngoja yule bibi, yule ana huruma, wewe uliniacha nikiwa mgonjwa ukaenda zako. Binti naye alijaribu kumlisha, akashindwa. Basi bibi akaenda nyuma ya jiko, akavua meno, akayafunga kwenye kitambaa, akarudi na sahani ileile.

"Akafurahi," akaniambia. "'Karibu, mgeni.' Akala chote. Akanivuta sikio karibu, kama mtu mwenye siri, akasema: 'Mke wangu amerudi. Lakini wewe usiondoke. Yule alishaniacha mara moja.'"

Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya maharage. Mimi nilishindwa kukaa, nikasimama, nikakaa tena. Nikamwambia pole, bibi, pole sana, na neno lenyewe nikaliona dogo, halifai kitu. Nikamuuliza kama anataka kuyarudisha.

"Nirudishe? Ebo! Asubuhi nayavaa. Tunakaa benchini, ananiita jina langu, ananigombeza kidogo, ananisamehe. Ikifika saa ya kula namtoa mke, namleta mgeni."

"Sasa yana shida gani? Yanachubua?"

Akafungua kitambaa, akayaweka juu ya meza yangu, yale ya juu akayasukuma mbele kwa kidole.

"Haya yanabana mno, mwanangu. Nayavuta nyuma ya jiko mpaka fizi zinauma, hayataki kutoka, na huku ndani ananiulizia. Nikifika chakula kimepoa, na kikipoa hakitaki. Nilegezee kidogo, yatoke haraka."

Fundi wa meno halegezi meno yanayokaa vizuri. Kubana ndiko tunakokutafuta kwa jasho, na mtu mwingine angeniomba hivyo ningemtoa nje na matusi juu. Nikavaa miwani, nikachukua mashine ya kusagia, nikaanza kupunguza ukingo wa nyuma. Nikampa ajaribu. Akayavaa, akayavua, akatikisa kichwa, akanirudishia. Nikasaga tena. Akayavaa, akainamisha kichwa, yakamdondokea kiganjani yenyewe.

"Hapo," akasema. "Hapo sawa."