Maji ya Rejeta Niliyoyaweka Kivulini

Kitendawili!

Mmesema tega? Haya. Ni kijani kama mboga, tamu kama juisi, lakini mbwa akiramba, kesho humwoni.

Msijisumbue kunipa mji. Ni maji ya rejeta, mafundi wanayaita kulanti. Jibu hilo nililijua nimeshachelewa.

Ilikuwa Septemba iliyopita, hapa kwetu Nkololo. Lambo limebaki tope.

Mwanangu Nyanda alikuwa uani anamwaga kulanti ya zamani kwenye kigari chake. Alisubiri injini ipoe kabisa ndipo akafungua mfuniko. Akakinga beseni chini, hata tone halikugusa ardhi.

"Mama, hili beseni lisiguswe. Nafuata dumu lenye mfuniko dukani."

Nikacheka moyoni. Vijana wa siku hizi! Maji nayo yanawekewa ulinzi?

Sisi huku kiangazi hatumwagi maji. Ya vyombo, ndama. Ya kunawa, ndama. Basi nikalibeba lile beseni kwa mikono yangu, nikamwekea ndama kivulini. Nikarudi kuchambua choroko.

Nilipotoka tena, beseni jeupe, halina hata tone.

Mjukuu wangu Winnie, binti wa Nyanda, miaka minne, amechuchumaa pembeni. Kidevu kimelowa kijani.

"Winnie, umekunywa?"

Akakaza midomo.

"Umekunywa, mjukuu wangu?"

Macho chini.

Nyanda akatokea na dumu lake. Likamdondoka.

"Mama! Ile ni sumu!"

Mayu wane, mama yangu!

Jirani yetu Felisita akapiga kelele, "Mpeni maziwa!"

"Usimpe kitu! Hospitali!" Nyanda akakimbilia gari, akashika mlango, akasimama kama mti.

Rejeta tupu. Gari lingechemka tukabaki porini.

Tukapanda mshikaki, mimi na Nyanda, kwenye bodaboda ya Ndalahwa, Winnie katikati. Mimi na miaka yangu sabini na moja!

"Bibi, kamata sana! Ukidondoka sirudi!" Ndalahwa akapaza sauti.

"Kimbiza, mwanangu! Mimi niache!"

Tulipofika hospitali Bariadi, daktari akauliza, "Amekunywa kiasi gani?"

Tukamwambia beseni tulilikuta tupu.

"Bibi, sumu hii inadanganya. Mtoto anaonekana mzima, kumbe figo zinaharibika."

Wakamtoa damu, wakamtundikia dripu. Nyanda akamwinamia. "Sema! Ulikunywa?"

Ndiyo kwanza akajifunika uso.

Simu ikalia. Felisita. "Ndama anayumba kama mlevi. Ameanguka, hainuki."

Winnie akasikia. Akaanza kulia, kilio cha mtu mzima.

Nikapiga magoti pale pale sakafuni, mbele ya manesi.

"Nyanda, usimkaripie. Mimi ndiye niliyempelekea ndama lile beseni. Wa kuchapwa ni mimi."



Wajukuu zangu mnaosoma hapa, kabla sijamalizia, shikeni hili. Kulanti ikitoka kwenye gari, iingie kwenye dumu dakika ile ile, ifungwe, iandikwe SUMU, ipelekwe gereji. Usiipe kisogo hata kidogo. Na mtoto akinyamaza, usimzidishie ukali. Wewe mkubwa kiri kwanza la kwako.

Maana Winnie alitoa mkono usoni, akanishika kitambaa cha kichwa.

"Bibi," alisema, "sikunywa. Nilichovya kidole nikalamba, nikatema. Ni mimi nilimshikia ndama beseni mpaka akamaliza."